Klipu za DSLR: zipi uziache zilivyo, zipi uzibadilishe, na kwa mipangilio gani

Mtu akinunua kamera ya DSLR (ile ya lenzi ya kubadilishwa) kama Canon 600D iliyotumika, au akibahatika kupata 5D Mark III, baada ya kazi ya kwanza huuliza swali lilelile: hizi faili nizibadilishe kwenda fomati gani ndipo niediti? Swali hili ni la kurithi. Mwaka 2008, Nikon D90 ilipotoka ikiwa DSLR ya kwanza kurekodi video, na Canon 5D Mark II ikafuata mwaka huohuo ikiwa na picha ya pikseli 1920 kwa 1080, kompyuta nyingi za wakati ule zilikwama zikijaribu kucheza faili hizo. Kubadilisha kulikuwa lazima. Kompyuta zimebadilika, desturi imebaki, na zimebaki pia programu za bure za kubadilisha video ambazo hula ubora wa picha bila mwenye kazi kujua.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Faili iliyotoka kwenye kamera ni bora kuliko faili yoyote utakayoizalisha kutokana nayo. Ibadilishe pale tu inapokuzuia kufanya kazi, na uchague fomati kwa kuangalia kazi iliyo mbele yako: kuhariri, kukabidhi au kuhifadhi. Fomati inayofaa kuhariri haifai kumpa mteja, na inayomfaa mteja ni balaa kwenye taimulaini, yaani mstari wa kupangia na kukatia klipu.

Kilichomo ndani ya faili

MOV na MP4 ni makasha tu. Kilichobanwa ndani, kwa DSLR nyingi za Canon na Nikon, ni H.264, kodeki (njia ya kubana video) ambayo kiwango chake kilipitishwa mwaka 2003. Kwa hiyo kubishana kama MOV ni bora kuliko MP4 hakuna maana; picha ndani inaweza kuwa ileile biti kwa biti. Tofauti inayogusa kazi yako ni sauti: Canon za MOV huweka sauti ya PCM isiyobanwa, na za MP4 huweka AAC, ambayo imebanwa.

Kinachochosha kompyuta ni namna fremu zinavyohifadhiwa. Katika mpangilio wa IPB, kamera huhifadhi fremu moja kamili, kisha fremu zinazofuata zinaandika mabadiliko tu. Ni kama daftari la madeni la mwenye duka: ukitaka kujua jumla ya leo, inabidi urudi ukurasa wa mwisho uliojumlishwa, uhesabu kuanzia hapo. Kila unapovuta kichwa cha kusomea nyuma na mbele, kompyuta inafanya hesabu hiyo upya. Katika ALL-I, ambayo Canon waliileta kwenye 5D Mark III mwaka 2012 na kuiweka baadaye kwenye 70D, kila fremu imejitosheleza. Faili inakuwa kubwa karibu mara tatu, ila kompyuta inapumua.

Jambo jingine la kushika: H.264 ya DSLR nyingi ni ya biti 8 na ya 4:2:0, maana yake mwangaza unaandikwa kwa kila pikseli lakini rangi inaandikwa mara moja kwa kila kundi la pikseli nne. Kilichoachwa na kamera hakirudishwi na programu yoyote. Ukiibadilisha klipu hiyo kuwa ProRes 422 (ProRes ni kodeki ya Apple ya kuhariria) ya biti 10 unapata ndoo kubwa yenye maji yaleyale.

Kwa hesabu za diski, haya ndiyo makadirio ya saa moja ya video ya 1080 kwa fremu 25 kwa sekunde (DNxHD na DNxHR ni kodeki za Avid za kazi ileile ya ProRes):

| Aina ya faili | Megabiti kwa sekunde | Gigabaiti kwa saa |
|---|---|---|
| Canon 600D, kutoka kamera | 44 | 20 |
| Canon 70D au 5D Mark III, IPB | 31 | 14 |
| Canon 70D au 5D Mark III, ALL-I | 91 | 41 |
| ProRes Proxy | 38 | 17 |
| ProRes LT | 85 | 38 |
| ProRes 422, au DNxHD 120 | 120 hivi | 55 |
| ProRes 422 HQ | 184 | 83 |

Njia nne za kuhariri, zikiwekwa pamoja

Njia ya kwanza ni kuziingiza klipu zilivyo na kuanza kukata. Inafaa watu wengi kuliko wanavyodhani, kwa sababu H.264 ya biti 8 na 4:2:0 ndiyo hasa inayosomwa na sakiti maalumu za video zilizo ndani ya chipu; Intel waliziweka kwenye chipu zao tangu mwaka 2011. Kabla hujalaumu laptop, ingia kwenye mipangilio ya programu uhakikishe usaidizi huo wa chipu umewashwa, na klipu zako ziko kwenye diski yenye kasi, si kwenye flashi. Kamera moja, mikato ya kawaida, rangi kidogo: usibadilishe chochote.

Njia ya pili ni proksi. Unatengeneza nakala ndogo za klipu, unahariri kwa hizo, na wakati wa kurenda, yaani kutoa faili ya mwisho, programu inarudi kwenye faili halisi. Premiere Pro, DaVinci Resolve na Final Cut Pro zote zinafanya hivi zenyewe. Hii ndiyo njia ninayoipendelea mara tu mashine inapoanza kusuasua, hasa kwenye harusi ya kamera mbili au tatu zinazochezwa kwa pamoja. Chukulia kamera mbili za 600D zilizorekodi saa nne kila moja: faili halisi ni gigabaiti 160. Ukizigeuza zote kuwa ProRes 422 utahitaji gigabaiti 440 za ziada. Proksi za robo ya pikseli, yaani 960 kwa 540, zitakula sehemu ndogo tu ya hapo, na siku kazi ikiisha unazifuta bila kuwaza.

Mipangilio ya proksi isikusumbue. ProRes Proxy au DNxHR LB, nusu ya upana na nusu ya kimo, idadi ya fremu ileile ya chanzo, na njia za sauti zilezile. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayowaangusha watu: proksi yenye fremu 30 juu ya klipu ya fremu 25 itakupeleka kwenye mikato isiyokaa mahali pake siku ya kurenda, na proksi ya sauti ya mono juu ya klipu ya stereo inaweza kukataliwa na programu kabisa. Iache kompyuta ifanye kazi hiyo usiku. Umeme ukikatika katikati, unaanzia pale ilipoishia na faili halisi hazijaguswa, faida ambayo kwa mazingira yetu si ndogo.

Njia ya tatu ni kubadilisha klipu zote kuwa kodeki ya kati, ProRes au DNxHR, na kuhariri kwa hizo moja kwa moja. Kuna sababu za kweli za kufanya hivyo. Resolve ya bure kwenye Linux haisomi H.264, kwa hiyo hapo huna namna. Ukipeleka kazi kwa mtu wa rangi au wa madoido mahali pengine, atafurahi kupata kodeki ya kati. Na kompyuta ya zamani yenye diski kubwa lakini chipu dhaifu inaweza kufanya kazi vizuri zaidi hivi. Sababu isiyo ya kweli ni ile inayosemwa kila mahali, kwamba ukigeuza kwanza rangi zitavutika zaidi. Programu za kuhariri zenyewe hupiga hesabu za rangi kwa usahihi mkubwa kuliko biti 8 za faili, ukiipa H.264 asilia au ProRes iliyotokana nayo, mahali pa kuanzia ni palepale.

Ukiamua kwenda njia hii, ProRes LT inatosha kwa klipu za 600D au 70D, na ProRes 422 ukitaka moyo utulie. HQ ni kujaza diski bure kwa chanzo cha megabiti 44, na 4444 sitaki hata kuizungumzia. Kwa upande wa DNxHR, SQ inatosha. HQX ni kwa kamera za biti 10. Kuchagua kati ya ProRes na DNxHR kwenyewe si jambo la kupoteza jioni: ukiwa kwenye Mac chukua ProRes, ukiwa Windows au Linux chukua DNxHR, na kwa macho hutaona tofauti. Jina DNxHD utalikuta kwa 1080 na 720 pekee, likiwa na viwango vilivyofungwa. DNxHR ndiyo inayokubali ukubwa wowote.

Njia ya nne ni kubadilisha H.264 kuwa H.264 nyingine kabla ya kuhariri, kwa programu iliyoandikwa "video converter" iliyopakuliwa popote. Hii iache. Inabana picha iliyokwisha kubanwa, inaleta vibonge kwenye sehemu za giza na kwenye taa za ukumbini, na faili inayotoka bado ni ya mtindo wa IPB, nzito kuisoma kama ile ya mwanzo. Umelipa kwa ubora na hukununua kitu.

Kama tatizo lako ni kasha tu, yaani programu inataka MP4 na wewe una MOV, hamisha bila kubana upya. Kwa FFmpeg, ambayo ni ya bure:

`ffmpeg -i MVI_0234.MOV -c:v copy -c:a aac -b:a 256k MVI_0234.mp4`

Picha inanakiliwa ilivyo, sauti ya PCM inakuwa AAC, na kazi inaisha kwa muda mfupi sana kwa sababu hakuna fremu inayorendwa.

Kuna kamera moja inayogeuza hesabu yangu juu chini: 5D Mark IV ya mwaka 2016. 4K yake ni Motion JPEG ya megabiti 500 kwa sekunde, karibu gigabaiti 225 kwa saa, na chipu nyingi hazina msaada wowote wa kuisoma. Hapo ProRes LT, takriban megabiti 365 kwa ukubwa uleule na fremu 25, inapunguza uzito na inacheza laini. Kwa kamera hiyo nabadilisha bila kusita.

Shela nyeupe kama kipimo

Kuna mtego mmoja unaowapata hata wanaojua kodeki. Canon nyingi za DSLR huandika mwangaza kwa ngazi zote, kuanzia 0 hadi 255, wakati desturi ya video ni 16 hadi 235. Ndani ya faili kuna alama inayosema hivyo. Programu ya kubadilisha isiyoiheshimu alama hiyo inakata ncha mbili: weupe unaungua na weusi unazama. Kwenye klipu ya mtaani hutaona. Kwenye shela ya bibi harusi juani, au kanzu nyeupe kumi zimepangana mbele ya msikiti, nakshi za kitambaa zinapotea zote na huwezi kuzirudisha.

Kabla ya kubadilisha kadi nzima, chukua klipu moja yenye weupe mwingi, ibadilishe, iweke kwenye taimulaini juu ya ile asilia, na uangalie grafu ya mwangaza. Zikilingana, endelea. Zisipolingana, badilisha programu kwanza, si mipangilio ya rangi.

Fremu 25 au 30

Hapa ndipo kazi nyingi za Afrika Mashariki huharibikia, na huharibikia kwenye menyu ya kamera kabla hata kompyuta haijawashwa. Umeme wetu ni wa hezi 50. Taa za tyubu na taa nyingi za bei nafuu hupepesa kufuata umeme huo. Ukirekodi fremu 30 kwa shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/60, mistari itatembea ukutani ukumbi mzima, na hakuna mpangilio wa kubadilisha utakaoiondoa vizuri. Weka mfumo wa video wa kamera kuwa PAL, ule wa fremu 25, shata 1/50. Kamera zilizotumika zinazoingia kutoka Japani na Marekani mara nyingi zimekaa kwenye NTSC, mfumo wa fremu 30. Hilo la kukagua siku ya kwanza.

Ukitaka mwendo wa polepole wa bibi harusi akiingia, rekodi fremu 50. Kwenye 600D fremu hizo zinapatikana kwa 720 tu, na picha italegea kidogo ukiipanua. Mimi huona bora picha laini kidogo yenye mwendo wa kweli kuliko fremu 25 zilizonyooshwa na programu hadi zikaanza kuyeyuka.

Shida inakuja pale kamera kuu iko 25 na shemeji amekuletea klipu za simu. Simu nyingi hurekodi fremu 30, tena zisizo za kudumu: kasi hupanda na kushuka kadiri mwanga unavyobadilika, na sauti inaanza kuachana na midomo katikati ya nasaha. Klipu za simu ndizo za kubadilisha kwanza, hata kama za DSLR unaziacha. HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, inaweza: chagua fremu zibaki sawa na chanzo na ziwe za kudumu, na uweke ubora wa RF 16 hadi 18 (namba ikiwa ndogo, ubora ni mkubwa) kwa kuwa bado utarenda tena. Usiiamini mipangilio yake ya kuanzia, maana ile inaruhusu fremu kupanda na kushuka hadi kikomo cha 30. Ukitaka kukwepa H.264 kabisa, Shutter Encoder, nayo ya bure, itakutolea ProRes au DNxHR yenye fremu za kudumu.

Kutoka 30 kwenda 25 kutakuwa na mtikisiko mdogo pale kamera inapogeuzwa kwenda pembeni. Vumilia. Kugeuza taimulaini nzima kuwa 30 kwa ajili ya klipu tatu za simu ni kuitikisa kazi yote.

Kukabidhi: YouTube, flashi ya sebuleni, WhatsApp, kituo cha televisheni

YouTube wenyewe wanapendekeza MP4, H.264, megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080 ya fremu 24 hadi 30, na 12 kwa fremu 48 hadi 60, pamoja na sauti ya AAC ya kilobiti 384 kwa stereo. Chukulia hizo kuwa ngazi ya chini. Wao watabana upya chochote utakachowapa, kwa hiyo kuwapa megabiti 16 kunasaidia kwenye picha zenye majani, maji au vimulimuli vya ukumbini. Dakika kumi kwa megabiti 16 ni gigabaiti 1.2; kama bando linauma, rudi kwenye 10 na utalala usingizi. Kupanua 1080 kuwa 4K ili YouTube waipe kodeki bora kunafanya kazi kweli, lakini kwa 600D, ambayo huruka mistari ya kihisi inaporekodi na kutoa picha laini kuliko 1080 halisi, naona ni kupeleka gigabaiti nyingi kwa faida ya kuhesabu kwa vidole.

Flashi ya kuchomeka kwenye TV ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, na ndiyo inayopewa uangalifu kidogo. TV nyingi za sebuleni husoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, na FAT32 haikubali faili moja ipite gigabaiti 4 na kidogo. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja ni kama gigabaiti 3.6. Kwa hiyo gawa harusi: kanisani au nikaha sehemu moja, ukumbini sehemu nyingine, kila moja isizidi saa moja. H.264, profaili ya High, ngazi ya 4.1, fremu 25, sauti ya AAC stereo. Usimpe fremu 50 kwa 1080, maana hiyo inadai ngazi ya 4.2 na TV za zamani zitaikataa. Usimpe MOV yenye sauti ya PCM, si ajabu picha ikacheza bila sauti. Na usimpe H.265. Ni kweli kodeki hiyo ya mwaka 2013 hupunguza faili hadi karibu nusu kwa ubora uleule, na kwa diski yako mwenyewe inavutia, ila mteja hatajali hesabu hiyo skrini ikiandika kwamba faili haisomeki mbele ya wakwe.

WhatsApp itaikandamiza video ukiituma kama video. Itume kama hati; kikomo ni gigabaiti 2, na picha inafika ilivyo.

Kituo cha televisheni ni habari nyingine. Omba karatasi yao ya masharti ya kiufundi kabla ya kurenda. Mara nyingi utakuta wanataka MPEG-2 ya XDCAM HD422 ya megabiti 50, ndani ya kasha la MXF, kwa 1080 ya mistari iliyopishana, nyuga (nusu-fremu) 50 kwa sekunde. Kazi yako ya fremu 25 inaingia humo bila kupoteza chochote kwa sababu kila fremu inagawanywa tu kuwa nyuga mbili. Ya fremu 30 ndiyo itakayokutesa, na nimeshasema ilikoanzia.

Wakati wa kurenda H.264 utakutana pia na uchaguzi kati ya kutumia chipu ya video na kutumia programu pekee. Chipu ni ya haraka sana, programu hutoa picha safi zaidi kwa ukubwa uleule wa faili. Kwa megabiti 16 huoni tofauti. Kwa 5 au 6 unaiona kwenye nyuso.

Cha kuhifadhi

Hifadhi faili za kamera zilivyo, na majina yake, pamoja na folda nzima ya kadi. Hifadhi faili ya mradi. Hifadhi nakala moja ya kazi iliyokamilika kwa ubora wa juu, ProRes 422 au DNxHR SQ kama diski inaruhusu, au H.264 ya megabiti 40 kama hairuhusu, maana mteja atarudi baada ya mwaka akitaka jina la shangazi lirekebishwe na wewe hutataka kurenda kutoka kwenye faili ya flashi. Proksi na klipu za kati futa.

Klipu za 5D Mark IV za 4K ndizo pekee ambazo huwa nafikiria kuzihifadhi kwa fomati nyingine, na hata hapo naanza na zile ambazo hazikuingia kwenye kazi ya mwisho.